Jinsi ya Kupanga Akaunti na Ruhusa ili Kingavirusi Isizimwe Ovyo kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Maswali ni yale yale kila wiki. "Mwanangu amezima kingavirusi ili gemu lake lifunguke, nifanyeje?" "Kila nikitaka kuweka programu naombwa nenosiri la msimamizi, na kompyuta ni yangu mwenyewe!" "Niliweka nenosiri kwenye kingavirusi zamani, sasa silikumbuki." Ukiyatazama vizuri, yote matatu yanauliza jambo moja: katika kompyuta hii, nani ana mamlaka ya kuiamuru kingavirusi, na nani hana?

Watu wengi hununua au hupakua kingavirusi nzuri, wakaona alama ya kijani pembeni mwa skrini, wakaridhika. Hawajui kwamba kingavirusi humtii yeyote mwenye mamlaka ya msimamizi. Kama kila mtu nyumbani anaingia kama msimamizi, basi kila mtu anaweza kuizima, na kila programu atakayoifungua inaweza kujaribu kuizima pia. Ndiyo maana kazi kubwa katika mwongozo huu inafanyika kwenye akaunti za kompyuta. Mipangilio ya kingavirusi yenyewe inafuata baadaye.

Nimeuandika kwa ajili ya Windows 11 na Windows 10, na kuna sehemu fupi ya Mac karibu na mwisho. Kama bado uko kwenye Windows 10, Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hatua ni zile zile, ila anza kupanga kuhama. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza ndani ya alama za kunukuu, kama wengi wetu tunavyoyaona kwenye skrini.

## Nilichokikuta kwenye kompyuta moja

Niliwahi kuletewa kompyuta ya familia ya watu wanne. Ilikuwa na akaunti moja tu, ya baba, yenye mamlaka ya msimamizi na isiyo na nenosiri. Malalamiko yao yalikuwa kwamba inakwenda polepole na matangazo yanaruka kila mahali. Kingavirusi ilikuwa inaonyesha kijani: ulinzi umewashwa, masasisho ni ya siku ile ile. Nikafungua ukurasa wa vitu vilivyosamehewa, yaani vile ambavyo kingavirusi imeambiwa isiviguse. Kulikuwa na mstari mmoja tu:

C:\

Diski nzima ilikuwa imesamehewa. Mlinzi yuko macho, amevaa sare, lakini ameambiwa asitazame chumba chochote. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amewahi kusikia kwamba ukurasa huo upo. Ilikuja kujulikana kwamba kijana wao alipakua gemu kutoka tovuti isiyoeleweka, na maelezo yake yalimwambia aendeshe faili fulani "kwanza, kama msimamizi". Akaiendesha. Kwa kuwa akaunti ilikuwa ya msimamizi na maonyo ya Windows yalishazimwa, kompyuta haikuuliza swali hata moja.

Angekuwa kwenye akaunti ya kawaida, faili ile ingegonga ukuta hapo hapo.

## Mambo mawili ya kuelewa kabla ya kuanza

Windows ina aina mbili za akaunti zinazotuhusu. Msimamizi anaweza kubadili chochote: kuweka na kuondoa programu, kuzima ulinzi, kufungua akaunti za wengine. Mtumiaji wa kawaida anafanya kazi zake zote za kila siku, lakini akitaka kugusa kitu kinachohusu kompyuta nzima, anaombwa nenosiri la msimamizi. Kisanduku kinachomwomba kinaitwa UAC (User Account Control), na kimekuwemo tangu Windows Vista ya mwaka 2007.

La pili, kingavirusi haikai ndani ya akaunti yako. Inaendeshwa kama huduma ya mfumo, chini ya mamlaka ya mfumo wenyewe, kwa hiyo ukiiweka mara moja inalinda akaunti zote. Huna haja ya kuiweka upya kwa kila mtoto, na kumshusha mtu cheo hakumpunguzii ulinzi hata chembe.

## Unachohitaji

Tenga muda usio na haraka, saa moja hivi. Andaa karatasi na kalamu, au programu ya kutunza manenosiri ambayo si ya kompyuta hii hii. Hakikisha unaweza kuingia kwenye akaunti ambayo sasa hivi ni ya msimamizi. Weka nakala ya nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje. Hatua hizi hazifuti kitu usipoondoa akaunti, ila sijawahi kumshauri mtu aguse akaunti bila nakala pembeni.

Mwisho, kama una kingavirusi mbili, chagua moja uondoe nyingine leo. Mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombania faili zile zile na kuifanya kompyuta iwe nzito. Windows 10 na 11 tayari zina Microsoft Defender ndani yake. Ukiweka kingavirusi ya kampuni nyingine, Defender kwa kawaida hujizima yenyewe kuipisha, na ukiiondoa hurudi.

## Hatua

1. Jua nani ni nani.

Fungua "Settings", nenda "Accounts", kisha "Your info". Chini ya jina lako, kama wewe ni msimamizi, utaona neno "Administrator". Usipoliona, uko kwenye akaunti ya kawaida.

Kisha pata orodha kamili. Bofya kitufe cha "Start", andika cmd, fungua "Command Prompt", na uandike hivi:

net localgroup Administrators

Bonyeza Enter. Kila jina linalotokea lina mamlaka ya msimamizi. Utaona pia jina "Administrator" lenyewe. Hilo huja na Windows na kwa kawaida limezimwa, kwa hiyo lisikutie hofu. Yaandike majina mengine yote kwenye karatasi. Mara nyingi hapa ndipo watu wanaposhtuka: kuna akaunti ya mgeni aliyelala kwao siku mbili, kuna ya fundi, kuna ya mtoto iliyotengenezwa "kwa muda tu".

2. Tengeneza akaunti ya msimamizi itakayokaa pembeni.

Hii ni akaunti ambayo hutaitumia kusoma barua pepe wala kuangalia video. Kazi yake ni kushika ufunguo tu.

Nenda "Settings", "Accounts", "Other users" (kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa "Family & other users"). Bofya "Add account" (kwenye Windows 10, "Add someone else to this PC"). Ukitaka akaunti ya humo humo kwenye kompyuta, chagua "I don't have this person's sign-in information", kisha "Add a user without a Microsoft account". Ipe jina rahisi, kwa mfano Mtunza, na nenosiri refu. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa, ni rahisi kukumbuka kuliko herufi za ovyo, na ni magumu kukisia.

Windows itakutaka ujibu maswali matatu ya usalama. Simama hapa kidogo. Maswali ni kama jina la mnyama wako wa kwanza au mji uliozaliwa, na watu unaowazuia ndio hasa wanaoyajua majibu. Mtoto wako anajua ulizaliwa wapi. Andika majibu yasiyo ya kweli, kisha yanakili kwenye karatasi yako. Nimeona nyumba ambako nenosiri lilikuwa gumu kama jiwe na kijana akapita kwa kutaja mji aliozaliwa mama yake.

Akaunti mpya huanza ikiwa ya kawaida. Ibofye kwenye orodha, chagua "Change account type", weka "Administrator", thibitisha.

3. Ingia kwenye akaunti hiyo mpya kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Toka kwenye akaunti yako, ingia kwenye Mtunza kwa nenosiri ulilolitunga. Fungua "Settings" na uhakikishe chini ya jina lake kumeandikwa "Administrator".

> Onyo. Usiruke hatua hii. Kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kujishusha cheo kabla ya kuwa na msimamizi mwingine anayefanya kazi. Ukibaki bila msimamizi hata mmoja, kompyuta itaendelea kuwaka lakini hutaweza kubadili chochote cha maana ndani yake.

4. Ukiwa ndani ya Mtunza, shusha akaunti zote za kila siku.

Rudi "Other users". Kwa kila akaunti ya kila siku, ikiwemo yako, bofya "Change account type" na uchague "Standard User". Faili, picha za ukutani na alamisho za kivinjari zinabaki mahali pake.

Najua wengi mnagoma hapa. "Mimi ni mtu mzima, nijishushe kwa nini?" Kwa sababu virusi havina adabu ya kuangalia umri. Kiambatisho kibaya cha barua pepe ukikifungua ukiwa msimamizi, kina njia fupi zaidi ya kuifikia kompyuta nzima. Kinabakiza kubofya "Yes" kwako mara moja tu, na sote tunajua mkono unavyobofya "Yes" wenyewe. Ukiwa mtumiaji wa kawaida kinahitaji nenosiri, na kuandika nenosiri kunakupa sekunde kumi za kufikiri.

Kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti ambazo hakuna anayezitumia ziondoe, lakini kwanza angalia kama ndani yake hamna faili za mtu, kwa sababu kuondoa akaunti kunafuta na faili zake.

Hakikisha pia hakuna akaunti ya msimamizi isiyo na nenosiri. Ikiwepo hata moja, yote uliyofanya mpaka hapa ni bure.

5. Rudisha maonyo ya UAC.

Kwenye "Start" andika UAC, fungua "Change User Account Control settings". Utaona kidude cha kuburuta chenye ngazi nne. Kisiwe chini kabisa. Ngazi ya pili kutoka juu ndiyo Windows huja nayo; ya juu kabisa ni bora zaidi kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi. Katika ngazi hizo mbili skrini inafifia kisanduku kinapotokea, na wakati huo programu nyingine haziwezi kukibofya kwa niaba yako.

6. Kagua kingavirusi yenyewe.

Kama unatumia Defender, fungua "Windows Security", kisha "Virus & threat protection", kisha "Manage settings". Angalia mambo matatu.

"Real-time protection" iwe imewashwa.

"Tamper Protection" iwe imewashwa. Kipengele hiki kilianza mwaka 2019, na kazi yake ni kuzuia programu nyingine zisizime ulinzi kwa mlango wa nyuma, kupitia rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo) au amri. Kikiwa kimewashwa, anayetaka kuzima ulinzi inabidi aje kwa mkono wake kwenye dirisha hili, akiwa na mamlaka ya msimamizi. Ukikikuta kimezimwa na wewe hukukizima, chukulia kwamba kuna jambo, uskani kompyuta nzima.

Kisha shuka mpaka "Exclusions", bofya "Add or remove exclusions". Soma kila mstari. Usiouelewa, uondoe. Mstari wa diski nzima, wa folda ya "Downloads", au wa folda ya muda ya Windows, uondoe bila kusitasita. Hata programu halali iliyokwama kwa sababu ya kingavirusi haihitaji kusamehewa zaidi ya folda yake yenyewe.

Kama unatumia kingavirusi ya kampuni nyingine, ukurasa huu utakuonyesha jina lake na kitufe cha kuifungua. Mambo ya kutafuta ndani yake ni hayo hayo: ulinzi wa muda wote, ulinzi wa programu yenyewe isichezewe, na orodha ya vilivyosamehewa.

7. Weka nenosiri la kingavirusi, kama lipo.

Defender haina nenosiri lake; inategemea akaunti ulizozipanga. Kingavirusi nyingi za kampuni nyingine zinalo. Litafute kwenye mipangilio, penye maneno kama "Password protection" au "Access setup".

Ukiliweka, soma linachokilinda, maana mara nyingi kuna visanduku kadhaa: kubadili mipangilio, kusimamisha ulinzi, kuifunga programu, na kuiondoa kabisa. Hicho cha mwisho husahaulika. Unakuta mtu amefunga mipangilio yote kwa nenosiri, kisha kijana anaifuta programu nzima kwa dakika mbili. Weka alama kwenye vyote vinne.

Nenosiri hili lisiwe lile la Mtunza. Na lisiwe la barua pepe yako.

Kuna ufunguo mwingine hapa ambao watu hawauhesabu: akaunti ya mtandaoni uliyonunulia leseni. Kwa kampuni kadhaa, anayeingia kwenye akaunti hiyo anaona vifaa vyako vyote na anaweza kuviondoa kwenye leseni. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na usiiache ikiwa wazi kwenye kivinjari cha kompyuta ya wote.

8. Zilinde folda za nyaraka.

Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu. Kirusi cha kudai fidia hakihitaji mamlaka ya msimamizi ili kufunga nyaraka zako kwa msimbo. Kinatumia ruhusa ile ile uliyonayo wewe ya kuzifungua na kuziandika. Vilevile ziko programu zinazojiweka ndani ya folda ya mtumiaji bila kuomba nenosiri lolote.

Defender ina dawa ya sehemu hii. Kwenye "Virus & threat protection", shuka mpaka "Manage ransomware protection", washa "Controlled folder access". Imekuwepo tangu mwaka 2017 lakini huja ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, programu isiyoaminika haiwezi kuandika ndani ya folda kama za nyaraka, picha, video na muziki.

Siku za kwanza itakusumbua. Gemu litashindwa kuhifadhi lilipofikia, au programu ya kuhariri picha italalamika. Nenda "Allow an app through Controlled folder access" uiruhusu programu hiyo moja. Usiizime yote kwa hasira.

9. Jaribu kwa mikono yako.

Toka Mtunza, ingia kwenye akaunti ya mtoto au yako iliyoshushwa. Fungua "Windows Security" na ujaribu kuzima "Real-time protection". Inapaswa kutokea skrini iliyofifia inayotaka nenosiri la Mtunza. Funga kisanduku bila kuliandika. Ikiwa ulinzi ulizimika bila kuulizwa, rudi hatua ya 1 usome orodha upya, kisha hatua ya 5.

Ukitaka kuona kama kingavirusi inakamata kweli, tumia faili ya majaribio ya EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 tu, hayana madhara yoyote, na kingavirusi zinazojulikana zimekubaliana kuyatendea kama kirusi. Ipakue kutoka tovuti ya EICAR wenyewe ukiwa kwenye akaunti ya kawaida. Kingavirusi ikinyamaza, rudi kwenye orodha ya vilivyosamehewa.

## Mtoto anapokuita uandike nenosiri

Mpangilio huu huvunjika siku unapochoka kuitwa. Mtoto anaita kutoka chumba kingine, wewe unalitaja nenosiri kwa sauti, na kazi yote imekwisha.

Nenda mwenyewe. Kisanduku kikiwa mbele yako, soma kabla ya kuandika. Mstari wa juu unataja jina la programu. Chini yake kuna "Verified publisher", yaani mtengenezaji aliyethibitishwa. Ukiona "Publisher: Unknown", omba maelezo: imetoka wapi, inafanya nini? Bofya "Show more details" uone faili imekaa folda gani. Programu inayodai kuwa sasisho la kivinjari lakini imekaa kwenye "Downloads" ikiwa na jina la tarakimu na herufi za ovyo, ikatae, uiskani kwanza.

Na kama maelezo ya programu yanasema "zima kingavirusi kabla ya kusakinisha", jibu ni hapana. Katika kompyuta za nyumbani nilizozishika, sijakutana na programu halali iliyohitaji hilo.

Jihadhari na PIN. Kama uliiwekea Mtunza PIN ya tarakimu nne, kisanduku kinaikubali badala ya nenosiri, na tarakimu nne mtoto anazisoma kwa kuangalia vidole vyako mara moja. Kwenye akaunti ya Mtunza tumia nenosiri. Alama za vidole nazo ziangalie: kuna mzazi aliyesajili kidole cha binti yake kwenye akaunti yake mwenyewe "ili asisumbuke kufungua", na bila kujua akamkabidhi ufunguo wa msimamizi.

## Kwa wenye Mac

Mantiki ni ile ile. Nenda "System Settings", kisha "Users & Groups". Tengeneza kwanza msimamizi wa pembeni, ingia kwake, kisha kwa akaunti za kila siku zima "Allow this user to administer this computer" na uwashe kompyuta upya. Kitu kinachowakwaza wengi ni kwamba kingavirusi ya kampuni nyingine kwenye Mac inahitaji uipe ruhusa ya "Full Disk Access" ndani ya "Privacy & Security". Bila hiyo itaonekana inafanya kazi, kumbe kuna folda haiwezi kuziona.

## Mambo yakikwama

Kisanduku kimetokea lakini kitufe cha "Yes" kimefifia, hakibofyeki. Kompyuta haina msimamizi aliye hai. Hatua ya 3 ilirukwa. Usianze kubahatisha amri ulizozikuta mtandaoni. Ukiwa bado unaweza kuingia, nakili nyaraka zako zote kwenye diski ya nje. Kwa hilo huhitaji mamlaka yoyote. Kisha mtafute fundi unayemwamini, na ujiandae kwamba huenda mkalazimika kuiweka Windows upya.

Nimesahau nenosiri la Mtunza. Kwenye skrini ya kuingia, andika lolote, likikataliwa itatokea njia ya kuliweka upya kwa majibu yale matatu ya usalama. Ndiyo sababu nilikwambia uyaandike. Kama Mtunza ni akaunti ya Microsoft, liweke upya kutoka kwenye simu au kompyuta nyingine.

Nimesahau nenosiri la kingavirusi. Hakuna wa kukusomea. Hata kampuni hailijui. Watengenezaji wengi wana kifaa chao rasmi cha kuiondoa programu, nacho mara nyingi huendeshwa katika hali salama ya Windows (Safe Mode), inayowasha vitu vya lazima tu. Kipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji tu. Shikilia Shift huku ukibofya "Restart", kisha "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", halafu bonyeza 4. Ukimaliza, isakinishe kingavirusi upya.

> Onyo. Kama diski yako imefungwa kwa msimbo (BitLocker), Windows inaweza kukutaka ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuingia hali salama. Kwa wengi umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Uhakikishe unao kabla ya kubofya "Restart".

Programu ya shule au ya kazi inaomba msimamizi kila inapofunguka. Nyingi ya hizi ni za zamani na zinajaribu kuandika mahali pasipostahili. Tafuta toleo jipya kwanza. Kumrudishia mtu cheo cha msimamizi kwa ajili ya programu moja ni kufungua geti zima ili paka apite.

Kingavirusi imeweka faili yangu karantini na hainiruhusu kuirudisha. Kwenye akaunti ya kawaida ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ingia Mtunza, fungua "Protection history", usome jina la tishio lililotajwa. Irudishe tu kama unajua faili imetoka wapi na kwa nini imeshukiwa. Kama ni kazi uliyotumiwa na mtu, ni rahisi zaidi kumwomba akutumie nyingine.

Ulinzi wa Defender nauzima mwenyewe, unajiwasha tena. Hakuna hitilafu. Swichi ile huzima kwa muda mfupi tu, kisha Windows huiwasha yenyewe.

Mipangilio inabadilika na hakuna anayekiri. Endesha tena amri ya hatua ya 1 ulinganishe na karatasi yako. Jina jipya likitokea kwenye orodha, ingia Mtunza ulishushe, badilisha nenosiri la Mtunza pamoja na yale majibu matatu, kisha skani kompyuta nzima kwa "Microsoft Defender Offline scan", iliyopo ndani ya "Scan options". Kompyuta itazima na kujiskani kabla Windows haijawaka, kwa hiyo hifadhi kazi zako kwanza. Orodha ikiwa haina jina jipya, basi kuna mtu anayelijua nenosiri, na hapo ni pa kukaa na wenzako wa nyumbani mzungumze.